SOMO: Kayaki ya maji ya kasi, tuanzie bwawani

Wakuu, kila baridi ikianza naulizwa lile lile: "Nikipinduka narudije juu?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtupia hili.

1. Osha kayaki ndani na nje kabla ya kuja. Mchanga wa mtoni ukiingia bwawani, tutafukuzwa sote.

2. Kaza vizuizi vya miguu na mapaja mpaka ukitikisa nyonga chombo kitikisike.

3. Kutoka chini ya maji. Vaa sketi (kitambaa cha kiunoni kinachofunika tundu la kukalia, maji yasiingie), kitanzi chake cha kuivulia kiwe NJE. Mwenzako asimame kando, maji ya kiunoni. Pinduka, inama mbele, gonga ubavu wa kayaki mara tatu, sukuma kitanzi kuelekea omo (mbele ya chombo) kisha kibandue, vua chombo kama suruali. Rudia mpaka hofu ichoke.

4. Nyonga. Hapa ndipo nilipoharibu. Unashika ukingo wa bwawa, unalala ubavu majini, kayaki inakufunika nusu, kisha unairudisha wima kwa goti na nyonga. Mimi nilijiinua kwa mikono. Ukingo haulalamiki, unabeba uzito wote, nikajiona bingwa. Nilipopewa kafi, likazama, nami nikalifuata. Kumbe nilikuwa natanguliza kichwa kutafuta hewa. Kichwa kitoke MWISHO, sikio limelala begani. Jipime kwa kushika viganja vya mwenzako badala ya ukingo; akisema unamlemea, bado. Na mikono isipite nyuma ya mwili. Bega huteguka hata bwawani.

5. Sasa kafi: lifagie nusu duara usoni pa maji, macho kwenye bapa lake (ile sehemu pana ya mwisho).

MASWALI

— Mkuu, mimi muogeleaji mzuri. Naweza kuruka namba 3?
Hapana.

— Lakini kuogelea si ndiyo muhimu?
Utaogeleaje na miguu iko ndani ya kayaki, kichwa chini? Soma tena namba 3.

— Samahani, kwa nini kichwa kiwe mwisho? Akili inakataa.
Swali zuri, dada. Tuseme unainukia kulia: goti la kulia ndilo linalovuta chombo. Ukinyanyua kichwa, mwili unajikunja kushoto, goti la kushoto linavuta, kayaki inarudi kukufunika. Halafu kichwa kikiwa majini, maji yanakibebea uzito. Kikitoka ni mzigo wako. Vaa miwani ya kuogelea siku za mwanzo, utaona bapa linavyozama.

— Bwawani naweza kila mara, mtoni nikapinduka nikatoka nje. Nimekosea wapi?
Bwawani ulijipindua mwenyewe, pumzi imejaa, kafi limeshakaa mahali pake. Mwambie mwenzako akupindue bila taarifa, kafi likiwa popote.

— Nyongeza: kibano cha pua kifungwe uzi kwenye helmeti. Vyangu viwili vimebaki mtoni.
Na masikio yazibwe. Maji baridi ya miaka mingi huotesha mfupa ndani ya tundu la sikio.

— Plagi za nta au za mpira?
Za mpira. Za nta zilinitoka nilipopinduka mara ya pili.