Somo: Kiharusi kikali, yatazame na macho ya mgonjwa

Jirani yetu hapa Makorora alikuwa anakunywa chai saa 1 asubuhi. Chai ikawa inamchuruzika pembe ya kulia ya mdomo, mwenyewe hana habari. Wakasema upepo mbaya. Akafukizwa ubani, akakandwa mafuta ya nazi, hospitali akafika saa 8 mchana. Bado inaniuma.

Hatua ya 1. Mwambie aoneshe meno; angalia kama mdomo unakwenda upande. Anyooshe mikono yote miwili, ahesabiwe hadi 10; angalia unaoshuka. Arudie maneno mepesi: "Leo nakwenda sokoni Ngamiani." Kasoro moja yatosha, anzeni kutafuta gari.

Hatua ya 2, ambayo wengi hawaijui. Tazama macho. Yote mawili yakivutwa kushoto huku mwili umelegea kulia, au kinyume chake, huenda ni mshipa mkubwa wa kichwani umeziba, au damu imevuja. Simama upande uliolegea umwite: pengine hageuki, kama vile upande huo haupo. Mnyanyulie mkono wake uliolegea, muulize ni wa nani. Wengine hujibu, "Wako."

Hatua ya 3. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Akiamka na dalili hizo, hesabuni tangu alipolala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya kipimo cha CT scan, yaani picha ya ndani ya kichwa. Kwa hiyo pigeni simu kabla ya kuondoka: ulizeni kipimo kipo wapi, na msisahau kuyataja yale macho.

Hatua ya 4. Asile, asinywe. Akisinzia au kutapika, mlazeni ubavu.

MASWALI

Nimpe aspirini njiani?
Usimpe. Kama damu imevuja utaizidisha, na kwa macho hutajua. Pia atapaliwa.

Shangazi mkono ulilegea robo saa, ukarudi. Tungoje kesho?
Msingoje, mpelekeni leo hii. Kiharusi kikubwa chaweza kuwa njiani.

Mama ana kisukari, je?
Kama mashine ipo, mpimeni upesi. Sukari ikishuka sana huiga kiharusi. Ila msimmiminie soda kama hamezi vizuri. Waambieni hospitali mmepata ngapi.

Bibi anasisitiza asomewe kwanza.
Mpandisheni bibi naye garini, amsomee njiani.