Mrusho wa kupinda katika mtihani wa ualimu: namna ya kuufanya na namna ya kuuhukumu

Katika mtihani wa walimu wa uvuvi wa nzi bandia (chambo kilichotengenezwa mfano wa mdudu), watahiniwa wengi wanaokwama kwenye mrusho wa kupinda, yaani kurusha mshipi ili mwisho wake utue umepinda kando, hawakosi nguvu wala mazoezi. Wanakwama kwa sababu wanauchora mpindo kwa ncha ya fimbo baada ya mrusho kwisha. Fimbo ikishasimama halafu ncha ikasogezwa kando, hapo mshipi umehamishwa hewani. Huo ni ufundi halali na mtoni una kazi yake, ila ni mrusho mwingine. Mpindo tunaoutaka huzaliwa na kitanzi chenyewe, yaani mkunjo wa mshipi unaosafiri hewani, kinapofunguka.

Matayarisho. Tafuta uwanja wa nyasi fupi. Funga kishungi cha sufi mahali pa nzi bandia, bila ndoana. Uzi wa mbele, ule mwembamba unaounganisha mshipi na nzi bandia, wa futi 9 unatosha. Ukiwa mrefu na laini mno, unameza nguvu yote kabla haijafika mwisho. Weka shabaha mita 10 hivi, na mbele yake koni iwe kama jiwe ambalo mshipi lazima ulizunguke. Maelezo yafuatayo ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Hatua ya 1: laza kitanzi. Rusha kwa fimbo iliyolala upande wa kulia, karibu sambamba na ardhi, mbele na nyuma katika bapa lile lile, yaani fimbo isibadili mlalo wake. Fimbo ikiwa wima, kitanzi hufunguka kutoka juu kwenda chini. Ukiilaza kulia, kinafunguka kutoka kulia kwenda kushoto. Mambo mengine yote yanatokana na hilo, kwa hiyo usisonge mbele mpaka ulione kwa macho yako.

Hatua ya 2: mpindo wa nguvu iliyozidi. Tengeneza kitanzi chembamba, ongeza mwendo kuliko umbali unavyodai, kisha simamisha fimbo ghafla. Mkono wa kushoto ushike mshipi usiteleze hata kidogo. Unaweza hata kuuvuta kidogo kitanzi kikikaribia kumalizika. Mshipi ukikaza, ncha yake inapitiliza na kukunja kushoto. Hapa urefu kutoka ardhini ndio unaoamua. Ukirusha juu, mpindo utatokea hewani, utarudi nyuma kwa mshtuko, na chini utaokota mshipi ulionyooka au uliokunjamana. Rusha chini kiasi kwamba sufi inagusa nyasi wakati ule ule inapokuwa imekunja. Wengi wakiona mpindo haukai huongeza nguvu, wakati dawa ni kushusha mrusho.

Hatua ya 3: upande wa pili. Kupinda kulia kwa njia hiyo hiyo, pitisha mkono mbele ya kifua na ulaze fimbo upande wa kushoto. Mrusho wa nyuma ndio huharibika hapa, maana kiwiko kinabanwa. Geuza mabega kidogo, na uangalie nyuma mpaka mshipi unyooke.

Hatua ya 4: mpindo wa nguvu pungufu. Rudi kulia. Sasa fungua kitanzi kiwe kipana, punguza mwendo, na uachie mshipi uteleze kidogo mwishoni ili kitanzi kife kabla hakijamaliza kufunguka. Sufi itabaki upande wa kulia, imetazama nyuma kama kulabu. Ni mrusho mgumu kuliko ule wa kwanza, na upepo kidogo tu unauvuruga.

Unapohukumu. Mrusho wa kwanza, simama ubavuni mwa mtahiniwa, utazame ncha ya fimbo tangu inaposimama mpaka sufi inapotua. Mrusho wa pili, simama nyuma yake, usome umbo lililolala kwenye nyasi. Sehemu ya mshipi iliyo karibu naye inyooke, mpindo uwe mwishoni, sufi iwe upande ule aliotangaza kabla ya kurusha. Mpindo mzuri ulioangukia upande asioutaja ni bahati, mwombe aurudie.

Ukubwa wa mpindo usikushawishi sana. Mimi humpa alama zaidi mwenye mpindo mdogo anaoweza kuurudia kuliko mwenye mpindo mkubwa uliotokea mara moja.

Halafu muulize. Mitihani ya walimu, ikiwemo ya shirika la wavuvi wa nzi bandia, Fly Fishers International, lililoanza kuthibitisha walimu mwaka 1992, inataka mtu anayeweza kueleza anachofanya. Mwambie: "Mwanafunzi wako mshipi wake unanyooka kila mara, utamsaidiaje?" Akijibu tu "aongeze nguvu," chimba zaidi. Jibu lenye uzito litagusa bapa la fimbo, urefu kutoka ardhini, na mkono ulioachia mshipi. Ukitaka kuwa na uhakika, rusha wewe kosa hilo mbele yake, kisha umpe nafasi akusahihishe kama angemsahihisha mwanafunzi.