Namna ya Kupandisha Inzi wa Matunda ili Kufuatilia Urithi wa Macho Meupe

Inzi anayezungumziwa hapa ni Drosophila melanogaster, mdudu mwenye urefu wa milimita mbili hadi tatu anayeonekana juu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Asichanganywe na inzi wa jamii ya Tephritidae, ambao hutaga mayai ndani ya matunda yaliyo bado mtini na ambao wakulima nao huwaita inzi wa matunda. Mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, Thomas Hunt Morgan alipata dume mmoja mwenye macho meupe miongoni mwa inzi wenye macho mekundu, na kwa kufuatilia uzao wake akaonyesha kwamba jeni ya rangi hiyo imo katika kromosomu X, ambayo jike anazo mbili, na dume anayo moja pamoja na kromosomu Y. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupandisha jike mwenye macho meupe na dume mwenye macho mekundu, jambo ambalo mtu yeyote mwenye subira anaweza kulifanya, mradi awe makini katika hatua moja tu: kupata majike ambao hawajapandwa.

Chakula hupikwa kwa unga wa mahindi, sukari, hamira na aga ya kugandisha, kisha huongezwa dawa kidogo ya kuzuia kuvu kinapokuwa kimepoa kiasi, na humiminwa katika chupa ndogo hadi kina cha sentimita mbili hivi. Chupa zibwe kwa pamba, ili hewa ipite na inzi wasipite. Katika nyuzijoto 25 yai huanguliwa baada ya siku moja, buu hula kwa siku nne au tano huku likijivua ngozi mara mbili, kisha hupanda ukutani mwa chupa na kuwa pupa, na inzi kamili hutoka takriban siku ya 10 tangu yai litagwe. Katika nyuzijoto 18 safari hiyo huchukua karibu mara mbili ya muda huo.

Ili kuwachunguza, inzi hulazwa kwa gesi ya kabonidayoksaidi, au huwekwa juu ya barafu iliyofunikwa, kisha husogezwa kwa brashi laini chini ya hadubini ya ukuzaji mdogo. Dume ni mdogo kuliko jike, ncha ya tumbo lake ni nyeusi na ya mviringo, na miguu yake ya mbele ina kitana cha vinyweleo vyeusi. Tumbo la jike huchongoka. Rangi ya tumbo isitegemewe kwa inzi waliotoka punde, kwa kuwa wote huwa wamepauka. Kitana ndicho ushahidi usiodanganya. Baada ya uchunguzi, chupa ilazwe ubavu mpaka inzi waamke, la sivyo watanasa kwenye chakula na kufa.

Sasa tufike kwenye hatua yenyewe. Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini mwake na kuzitumia kwa siku nyingi, hivyo jike aliyekwisha kupandwa na ndugu yake ndani ya chupa ataendelea kuzaa watoto wa ndugu huyo hata akiwekewa dume mwingine. Kwa bahati njema, jike hakubali kupandwa katika saa nane hivi za kwanza baada ya kutoka kwenye pupa, ikiwa joto ni nyuzi 25. Kwa hiyo, asubuhi ondoa inzi wote waliokomaa katika chupa ya macho meupe, bila kumbakiza hata mmoja, kisha rudi kabla ya muda wa saa nane kupita tangu uwaondoe, na uwakusanye majike wapya. Waliotoka punde hutambulika pia kwa doa jeusi linaloonekana kupitia ngozi ya tumbo. Waweke peke yao kwa siku tatu au nne. Mayai yakionekana usishtuke, kwani jike asiyepandwa naye hutaga. Yakionekana mabuu, tupa chupa nzima na uanze upya, hata kama inauma.

Weka majike watano na madume watano wenye macho mekundu katika chupa mpya, andika lebo yenye tarehe na aina za wazazi, na uwaondoe wazazi siku ya saba. Hesabu watoto kuanzia siku ya 10 hadi ya 18. Ukiendelea zaidi, wajukuu wataanza kuchanganyika na watoto. Matokeo yanayotarajiwa ni kwamba mabinti wote watakuwa na macho mekundu, kwa kuwa kila mmoja amepata X ya baba, ambayo jeni yake ya wekundu huifunika ile ya weupe, na wana wote watakuwa na macho meupe, kwa kuwa X yao ya pekee imetoka kwa mama. Ukiwapandisha ndugu hao wenyewe kwa wenyewe, huna haja ya kutafuta majike wapya, kwani walikwisha kupandwa na madume wale wale unaowataka. Wajukuu watagawanyika nusu kwa nusu kati ya macho mekundu na macho meupe, kwa majike na kwa madume sawasawa.

Huenda ukamwona binti mwenye macho meupe. Mara nyingi maana yake ni kwamba jike mmoja alikwisha kupandwa, lakini usihitimishe haraka, maana Calvin Bridges, mwanafunzi wa Morgan, aliwafuatilia mabinti wa namna hiyo na mwaka 1916 akaonyesha kwamba kromosomu X mbili za mama zilikuwa zimeshindwa kuachana. Hali hiyo ni adimu, na huzaa pia wana wenye macho mekundu waliopata X ya baba bila Y yoyote, ambao ni tasa. Jike aliyepandwa na ndugu yake mwenye macho meupe hawezi kumzaa mwana wa namna hiyo. Kwa hiyo, ukimpata, mtenge na majike kadhaa ambao hawajapandwa, na uchunguze kwa wiki nzima kama kuna buu hata moja litakaloonekana katika chakula.