Kabati moja, bodi za kila aina: kupanga mtambo wa kupima kontrola za taa za dagaa

Hapa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, kazi yangu inapangwa na mwezi wa angani. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika, na wenye mitumbwi wananiletea kwa mafungu kontrola za sola, yaani vifaa vinavyosimamia paneli ikichaji betri na betri ikiwasha taa. Siku za giza zikikaribia wote wanazitaka siku moja: "Fundi, kesho tunaingia ziwani, hii nayo imepona?" Kwa multimeta moja na mikono miwili huwezi kumjibu mtu huyo kwa uhakika. Unahitaji mtambo unaopima wenyewe, na uwe unapokea bodi yoyote ya kontrola: ya betri ya asidi, ya lithiamu, ya volti 12, ya 24.

Anza na karatasi, duka baadaye. Chora jedwali. Kila mstari ni aina ya bodi, zikiwemo zile unazojua zitakuja. Kila safu ni swali: inalishwa volti ngapi, inabeba ampea ngapi, tunapima nini, kwa usahihi gani. Kontrola ya betri ya asidi ya volti 12 kwa kawaida inajaza hadi karibu 14.4, inashikilia kwenye 13.6 hivi, na inakata taa karibu na 11.1. Lithiamu ya chuma-fosfeti yenye seli nne haitakiwi kuzidi 14.6, yaani 3.65 kwa seli. Za volti 24 zidishe mara mbili. Paneli ya seli 36 bila mzigo inatoa volti 22 hivi, na mbili zikifuatana ni 44. Hapo jedwali limeshakwambia ununue pawa saplai (kifaa kinachotoa volti unazoweka) ya volti 60. Usinunue kubwa zaidi kwa sababu ya sifa.

Utahitaji saplai mbili, moja iwe paneli na nyingine iwe betri. Hii ya pili ndiyo yenye mtego. Kontrola ikianza kuchaji inasukuma mkondo kuingia kwenye "betri", na saplai ya kawaida haijui kupokea mkondo. Volti zitapanda zenyewe na vipimo vyote vitakuwa uongo. Dawa yake ni kuunga lodi ya kielektroniki (kifaa kinachovuta mkondo unaokiwekea) sambamba na saplai hiyo, na kuiweka ivute zaidi ya mkondo wa kuchaji. Saplai inabaki inatoa, na volti zinatulia pale ulipoziweka.

Sasa mpaka kati ya kisichobadilika na kinachobadilika. Vifaa vya kupimia vinakaa kabatini na havitoki. Kinachobadilika ni kibao chenye pini za springi ambacho bodi inakandamizwa juu yake, kila aina ya bodi na kibao chake. Kati ya kabati na kibao weka plagi moja ya pini nyingi, na pembeni yake vituo vinene vya mkondo mkubwa. Kazi ya kila pini iamue mara moja, iandike, ibandike mlangoni, na acha theluthi nzima ya pini wazi. Kwenye kila kibao chomea rezista ya utambulisho, thamani tofauti kwa kila aina, ili programu ijue kibao gani kimechomekwa na ikatae kuwasha kisipolingana na jaribio.

Waya nazo zinadanganya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa karibu omu 0.012 kwa mita. Mita moja kwenda na moja kurudi, kwa ampea 10, unapoteza volti 0.24. Kontrola iliyokata sawasawa kwenye 11.1 itaonekana kwenye kioo cha saplai imekata kwenye 11.34, na wewe utaitupa bodi nzima. Kwa hiyo peleka waya mbili nyembamba za kupimia hadi kwenye pini za bodi yenyewe, mbali na zile zinazobeba mkondo. Rilei ndogo (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zichague waya hizo za kupimia tu, wala zisifunguliwe mkondo mkubwa ukiwa unapita, maana cheche ya mkondo mnyoofu inakula kontakti.

Programu mimi naandika kwa Python, lakini lugha si hoja. Hoja ni kwamba jaribio liseme "weka betri 12.6" bila kujua saplai ni ya kampuni gani. Amri za SCPI, lugha ya pamoja ya kuamuru vifaa vya kupimia kwa kompyuta, zipo tangu 1990 na vifaa vingi vinazielewa, ila kila mtengenezaji ana vituko vyake. Vituko hivyo vifungie kwenye faili ndogo la kifaa hicho. Mipaka ya kufaulu nayo ikae kwenye jedwali nje ya programu.

Mpangilio wa majaribio: kwanza ukinzani kati ya chanya na hasi bila umeme, kisha umeme kidogo wenye kikomo cha mkondo, kisha mzigo mkubwa mwishoni. Kwenye kukata taa uwe mvumilivu. Kontrola nyingi husubiri sekunde kadhaa kabla ya kukata, hivyo ukishusha volti haraka utasoma namba ya chini kuliko ukweli. Kama kazi ni nyingi, pima pande mbili tu: kwenye 11.3 taa iendelee kuwaka, kwenye 10.9 izimike ndani ya muda wake.

Hifadhi namba ya bodi, tarehe na masomo yote, si neno "nzima" peke yake. Kitufe cha dharura kikate umeme chenyewe bila kuomba ruhusa ya kompyuta. Na umeme ukikatika ukarudi, hakikisha saplai zinaamka zikiwa zimezimwa.

Kabla ya kuchomea chochote, chukua bodi mbili zisizofanana kabisa kwenye jedwali lako, uzipitishe kwenye mchoro kwa kidole. Ya pili ikikulazimisha kufungua kabati, rudi kwenye karatasi.