Kufufua Walkman ya belti: kaseti ya mteja huingia mwisho

Mama mmoja aliniletea Walkman, yaani mashine ndogo ya kubeba ya kuchezea kaseti, iliyolala kabatini miaka mingi, na kaseti moja imefungwa kwenye kitambaa. "Fundi, humu mna sauti ya marehemu baba. Alitutumia kutoka Maskati. Usije ukaikata, mwanangu." Zama zile ndugu walioko Ghuba walirekodi salamu kwenye kaseti badala ya kuandika barua, na kaseti ya namna hiyo haina nakala. Kwa hiyo tafuta kwanza kaseti usiyoionea uchungu. Majaribio yote utafanya na hiyo.

Tangu Sony ilipotoa Walkman ya kwanza, TPS-L2, Julai 1979, mashine nyingi za aina hii zimejengwa kwa mtindo mmoja: mota ndogo, belti ya mpira na gurudumu zito. Ukiielewa moja, nyingine hazitakusumbua sana.

Hatua ya 1: Umeme

Tazama springi za betri. Ukiona unga mweupe au kijani, betri zilivuja. Uvujaji wa betri za alkalini ni magadi makali, na dawa yake ni siki. Chovya pamba ya masikio, sugua, kisha futa kwa spiriti na uache pakauke. Malizia kwa msasa laini mpaka chuma king'ae.

Weka betri mpya, bonyeza kitufe cha kucheza bila kaseti, tega sikio. Mota ikivuma na vigurudumu vimesimama, tatizo ni belti. Isipovuma, fungua mashine upime kwa mita ya volti: kwa betri 2, karibu volti 3 zinatakiwa zifike mpaka kwenye mota. Zikikwama njiani, shuku swichi ndogo inayobanwa na kitufe hicho. Toa betri, pitisha karatasi iliyolowa spiriti katikati ya mabati yake.

Hatua ya 2: Belti

Hapa usiwe na haraka. Piga picha kabla ya kutoa chochote, na panga skrubu kwa mpangilio uliozitoa, maana urefu wake hutofautiana.

Belti ya zamani huwa imelegea au imeyeyuka ikawa kama lami. Iliyoyeyuka usiiguse kwa kidole, itahamia kila mahali. Itoe kwa kibano, kisha safisha mifereji kwa kijiti cha mbao na spiriti, hasa kile kigurudumu kidogo cha mota. Punje moja ya lami ikibaki pale, sauti itayumba kila mzunguko.

Kupata kipimo, zungusha uzi kwenye njia yote ya belti, ukate, uupime. Belti mpya iwe fupi kidogo, kama asilimia 5: uzi wa sentimita 20, belti ya 19. Ikibana zaidi ya hapo mota inaelemewa na betri zinakwisha upesi. Mipira ya kufungia noti usiitumie kabisa. Haina unene sawa, na mwimbaji atasikika kama analia.

Hatua ya 3: Njia ya mkanda

Safisha hedi, kile kichwa kinachosoma sauti kwenye mkanda, na kijiti cha chuma kilicho karibu nayo kwa spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Kigurudumu cha mpira mimi hukifuta kwa maji yenye tone la sabuni, kwa kuwa spiriti inaweza kukausha mpira. Bisibisi yenye sumaku isisogee hapa.

Sasa weka kaseti ya majaribio na utazame kidirisha. Kigurudumu kinachopokea mkanda kikisita, zima papo hapo, la sivyo mkanda utaliwa.

Hatua ya 4: Kasi, kisha hedi

Mkanda hutakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Cheza kaseti halisi ya kiwandani na wimbo uleule kwenye simu, ulinganishe. Kirekebisho cha kasi mara nyingi kimo ndani ya tundu dogo nyuma ya mota. Geuza kidogo sana, sikiliza, rudia.

Skrubu ya hedi, ile yenye springi, iguse baada ya yote haya, na uweke alama mahali ilipokuwa. Hubadili pembe ya hedi, na pembe ikikosea, sauti kali hupotea.

Kaseti ya yule mama ilipoingia, mzee alisikika kana kwamba anaongea ndani ya blanketi, ingawa kaseti ya kiwandani ilikuwa safi. Mashine haikuwa na kosa: redio iliyomrekodi ndiyo iliyokuwa na hedi iliyoinama. Niligeuza skrubu chini ya robo mzunguko, na herufi "s" zikatoka moja moja. Niliunganisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi kompyuta, nikarekodi pande zote mbili. Kisha nikairudisha skrubu kwenye alama yake, nikatoa betri, nikafunga.