Taa nyekundu usoni: kipimo cha ngozi nyeusi

Msimu wa harusi ukikaribia, swali hapa saluni kwangu Magomeni huwa lile lile: "Dada, hiyo taa itaning'arisha kabla ya sendofu?" Hapana, mdogo wangu. Taa nyekundu haichubui wala haibadilishi rangi. Inaamsha seli zitengeneze kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, inatuliza uvimbe wa chunusi na kulainisha mikunjo midogo pembeni mwa macho. Anayetaka weupe asitoe hela yake. Anayetaka ngozi yake ile ile, ila iliyotulia, huyo ndiye ninayemwandikia.

Anza na kununua taa yenyewe. Nimeona watu wamekaa mbele ya taa nyekundu ya vifaranga, ile ya wati 250 inayouzwa kwenye maduka ya mifugo. Ile ni ya kutoa joto, na joto huchokoza mabaka ya usoni, hasa kwa wamama waliopata mabaka hayo wakati wa ujauzito. Unayoitafuta ni ya LED, na boksi lake liandikwe nanomita 630 hadi 660; namba hiyo ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndiyo inayokuambia rangi yake. Nyingine zina pia 830 au 850. Mwanga huo hupenya ndani zaidi na macho karibu hayauoni, kwa hiyo ukiwasha ukakuta vitaa vingine vinaonekana kama vimezimika, usirudishe mashine dukani. Boksi lisilo na namba yoyote liache hapo hapo. Angalia na volti, maana mashine nyingine za Marekani ni za 110 hadi 120 na umeme wetu ni 230. Kuhusu LUKU usihofu: paneli ya wati 60 ikiwaka dakika 10 inakula sehemu moja ya mia ya yuniti.

Kabla ya taa kuna suala la mkorogo, na hapa huwa silegezi. Kama unapaka krimu yenye steroidi, haidrokwinoni au zebaki, taa isubiri. Ngozi iliyopunguzwa unene na steroidi huvimba na kuwaka ukiiacha krimu ghafla, kwa hiyo mwone daktari wa ngozi akuongoze namna ya kuiacha. Dawa nazo zipo: doksisaiklini wanayopewa wenye chunusi, isotretinoini, na haidroklorothiazaidi ya presha ni miongoni mwa zinazoweza kufanya ngozi ichokozeke na mwanga. Muulize daktari au mfamasia kwanza. Mwenye lupasi, kifafa au ugonjwa wa macho naye aulize.

Sasa kipimo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwanga ukizidi, faida haizidi. Dozi ndogo huamsha seli, dozi kubwa mno huzirudisha nyuma. Tena miongozo mingi inayokuja na mashine hizi haikuandikwa kwa kututazama sisi. Katika majaribio ya Marekani yaliyoitwa STARS, kiwango cha juu ambacho watu wenye ngozi za rangi walistahimili kilikuwa jouli 320 (jouli ni kipimo cha nishati, hapa ya mwanga) kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, na Wazungu 480. Nyumbani hufiki huko hata kidogo, lakini inatosha kunifanya nianze chini.

Hesabu yake ni rahisi: chukua miliwati kwa sentimita ya mraba zilizoandikwa kwenye mashine, zidisha kwa sekunde, gawa kwa 1000. Barakoa ya taa, ile ya kuvaa usoni, ya miliwati 30 ukiivaa dakika 5 inakupa jouli 9. Mteja mpya namwanzishia hapo, mara tatu kwa wiki, siku zisizofuatana. Wiki mbili zikipita bila uso kuwasha wala kuingia weusi, tunapanda hadi dakika 10, na hapo tunabaki. Kwa paneli, nguvu iliyoandikwa imepimwa kwa umbali fulani. Mimi napima kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye taa hadi puani, maana mtu akikisia husogea karibu kila siku. Kabla ya uso mzima, jaribu kipande kidogo chini ya taya, usubiri siku mbili.

Mashine ikiwa na rangi ya bluu, kwa ngozi nyeusi izime. Watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2014 kwamba mwanga wa nanomita 415 uliitia ngozi weusi uliokaa muda mrefu, na ule mwekundu wa 630 haukufanya hivyo. Kwa mtu anayehangaika na madoa ya chunusi, jambo hilo si dogo.

Siku yenyewe, osha uso mpaka liwa, poda na losheni ya jua vitoke vyote, kisha kausha. Vaa miwani ya kinga na usitazame taa. Mwaka 2019 Neutrogena iliondoa sokoni barakoa yake ya mwanga kwa sababu ya hofu ya macho, kwa hiyo usikubali kuambiwa kufumba kunatosha. Ukimaliza, paka mafuta mepesi. Retinoli, ile krimu ya vitamini A, iweke usiku ambao hukutumia taa. Mchana paka losheni ya jua yenye rangi ya ngozi, iliyo na oksidi ya chuma. Ya kawaida haizuii vizuri mwanga unaoonekana, nao hutuachia madoa.

Piga picha dirisha lile lile, saa ile ile, bila filta. Mikunjo ipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu. Uso ukianza kuwa mweusi, simamisha.

Wapo ambao siwashi taa hata wakiniomba. Mwenye ualbino namwambia aanzie kwa daktari wa ngozi na wa macho; walio karibu na Moshi waende kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC. Kidonda kisichopona, kipele cheusi kinachobadilika umbo, au baka ambalo ukiligusa husikii chochote, hayo ni ya hospitali. Baka lisilo na hisia linaweza kuwa ukoma, na dawa za ukoma hutolewa bure.