Kuhifadhi chemchemi ya kijiji bila kuwaumiza wenye vinyungu (bustani za bondeni za kiangazi)

Anzeni Oktoba, kabla mvua haijanyesha, wakati maji yako chini kabisa. Kingeni kwa ndoo ya lita 20, hesabuni sekunde, rudieni mara tatu na mchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Namba hiyo iingie kwenye daftari la kamati ya mazingira pamoja na tarehe. Msipoiandika, mwakani mtabishana kama maji yameongezeka au yamepungua, na mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda.

Mpaka wa kuhifadhi chanzo ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia ndani ya umbali huo shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu chanzo. Msipime kutoka kwenye jicho la maji. Pimeni kutoka pale maji yanapofika yakijaa masika. Hata kiangazi mtapatambua kwa mafunjo na udongo mweusi. Kwenye mteremko, pimeni vipande vya mita 10 huku kamba imenyooshwa sawa hewani. Ukiilaza juu ya ardhi, kilima kinakula mita kadhaa, na mwenye shamba akipima upya atawaumbua mkutanoni.

Sasa vinyungu, na hapa ndipo kamati nyingi hushindwa. Kinyungu ndicho mahindi mabichi, maharage na mboga za kiangazi, ndicho ada ya mtoto Januari. Ukimwondoa mtu bondeni bila kumwonyesha pa kwenda, atarudi usiku na jembe, na hana kosa la kutaka kula. Mpeni maji nje ya mpaka. Bustani ya mboga ya robo ekari, takribani mita za mraba 1,000, hutaka kama lita 5,000 kwa siku wakati wa jua kali. Acheni angalau nusu ya maji yaendelee kutiririka mtoni. Kwa chemchemi yetu ya mfano zinabaki lita 21,600, zinazotosha bustani nne. Kama wenye vinyungu ni kumi na wawili, gawaneni kwa zamu au punguzeni ukubwa wa bustani, na mkubaliane hilo kabla ya kununua bomba. Ombeni pia kibali cha kutumia maji kwa Bodi ya Maji ya bonde lenu: vijito vya Ruaha Mkuu viko Bonde la Rufiji, Kiwira na Mbaka viko Bonde la Ziwa Nyasa.

Sheria ndogo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, ikajadiliwa na mkutano mkuu, kisha ikapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Msitoze faini kabla ya idhini hiyo. Mtozwaji akienda mahakamani mtashindwa. Kila faini iwe na stakabadhi, hata akitozwa ndugu wa mwenyekiti.

Mikaratusi iliyo ndani ya mpaka ivunwe kwa awamu, theluthi moja kila mwaka, ili mvua isikute ukingo uko uchi. Msing'oe visiki, mizizi yake bado inashika udongo. Menyeni gome la kisiki mpaka chini ya usawa wa ardhi, kisha mkate machipukizi kila baada ya miezi mitatu.

Badala yake pandeni miti ya asili inayopenda maji, mivengi au mikuyu. Mashimo ya sentimita 45 kwenda chini na upana huohuo yachimbwe Oktoba, miche iingie Desemba ardhi ikishalowa vizuri, nafasi mita 5 kwa 5. Hiyo ni miche 400 kwa hekta. Ongezeni 80 ya kuzibia itakayokufa. Mingi hufa kwa ng'ombe kuliko kwa ukame, kwa hiyo birika la kunyweshea mifugo lijengwe chini ya chanzo, nje ya mpaka, na lianze kutoa maji kabla mche wa kwanza haujapandwa.